Masufuria Jukwaani

Uwanja ulikuwepo kabla ya Mji. Wa kwanza kufika waliukuta nyasi zimekatwa, mistari imechorwa kwa chokaa, mpira umetulia katikati, na hapakuwa na mtu. Wakajenga nyumba zao kuuzunguka, kama wasafiri wanaosogelea moto waliokuta unawaka, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuuliza nani aliuwasha. Ndiyo maana barabara zetu zote ni za mviringo, na mtu akitoka kwake akatembea bila nia huishia getini kwa uwanja. Ndiyo maana pia hatuna saa. Saa ni moja tu, iko mkononi mwa refa, naye hamwonyeshi mtu. Asubuhi tunaiita kipindi cha kwanza. Jua likipinda ni kipindi cha pili. Mgonjwa akizidiwa, jamaa zake huambiana kwa unyonge kwamba yuko katika dakika za nyongeza, wala hakuna anayecheka. Ligi haijawahi kwisha. Babu zetu walituachia matokeo, sisi tukayaendeleza, na bingwa hajulikani.

Katika Mji huo kazi yangu ilikuwa kusema.

Nilikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Kibanda changu kilining'inia juu ya jukwaa kuu mfano wa kiota, kioo mbele, kipaza sauti mezani, na pembeni yangu kiti cha Hilali, fundi mitambo, aliyeshinda amevaa visikizio na mkono wake juu ya vifundo. Usidhani niliwatangazia wasiokuwepo tu, vipofu na wagonjwa na wanaopika majumbani. Waliokuwepo ndio walionisikiliza zaidi. Kila aliyeingia uwanjani alikuja na redio yake ndogo, akaibana sikioni, akatazama kwa macho na kusubiri kwa sikio. Nimeuona mpira ukitua wavuni mbele ya halaiki nzima, na kwa muda wa pumzi moja asiinuke mtu. Walikuwa wanangoja niseme. Nikisema bao, ndipo watu wanarukiana na kukumbatiana. Nikisema refa amekataa, wanakaa, hata kama refa bado hajapuliza kipenga. Macho yao waliyageuza mashahidi wadogo wasiosikilizwa mpaka wakili aje.

Hapo ndipo lilipozaliwa swali lililoninyima usingizi. Ikiwa kitu hakitokei mpaka kitajwe, basi kile nisichokitaja kinakwenda wapi? Kinakufa? Kinajificha mahali kikingoja mtangazaji mwingine? Au kinaendelea kutokea, kimya kimya, juu ya mwili wa mtu mmoja asiye na redio?

Jambo moja Mji haukulijua, nalo ni sura yangu. Wenyeji wa Mji hujiita Wang'avu, na ngozi zao ni rangi ya mchanga uliokauka. Mimi ni mtu wa Bonde, na sisi wa Bonde ni weusi, weusi wa udongo unaootesha. Wang'avu walitupa jina jingine: Masizi. Masizi ya chini ya sufuria, yanayomchafua anayeyagusa. Tuliruhusiwa kufagia majukwaa, hatukuruhusiwa kuyakalia. Nami nilikuwa nafagia siku ile kipofu mmoja Mng'avu alipobaki nyuma baada ya mechi, akauliza hewani, bila kujua ni nani aliye karibu, jinsi bao la pili lilivyofungwa. Nikaegemea ufagio nikamsimulia. Nilipomaliza, alikuwa amesimama mwanamke ngazini, miwani kifuani, uso umemlegea kama mtu aliyesikia wimbo. Huyo alikuwa Bi Shamsa, mkuu wa redio.

"Sauti haina rangi," aliniambia.

Nililichukua neno lile kwa mikono miwili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba lilikuwa pia sharti. Hewani nikawa Bwana Sauti, nisiye na ukoo wala kwao. Nilifika kabla ya watu na kuondoka baada yao. Bi Shamsa hakuwahi kunitamkia neno baya. Aliniamini, alinipa kazi bora kuliko zote katika Mji, na mimi niliifanya kwa namna ambayo hata sasa siionei haya: niliwafanya watu wauone upepo ukigusa kibendera cha kona. Wazee wa Wang'avu walibishana mitaani Bwana Sauti ni wa ukoo gani, kila mmoja akinivutia kwao.

Basi ikaja siku ya Tindwa.

Timu ya Tufani ilikuwa imefungwa mno, na mtu aliyefungwa mno hukumbuka kwamba mahitaji hayachagui. Wakamsajili winga kutoka Bonde, kijana mrefu, miguu myembamba, jina lake Tindwa. Hakuna mtu wa Bonde aliyewahi kukanyaga nyasi zile isipokuwa kwa kuzikata. Wapinzani walikuwa Nanga. Nilimwona akitoka na wenzake, jezi ya kijani, ameinua kichwa kidogo kuliko inavyohitajika, kama mtu anayepita mlango ambao hajui urefu wake. Na mimi, Bwana Sauti nisiye na kwao, nikasogea mpaka paji langu likagusa kioo.

Alipougusa mpira mara ya kwanza, nikasikia kitu.

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Nilidhani ni mitambo. Nikamtazama Hilali, naye akavua visikizio akatazama chini, majukwaani. Jukwaa la Nanga lilikuwa limeinua masufuria. Yalikuwa masufuria ya majumbani, yamekuja hayajaoshwa, na kila mtu ana kijiko, anakwangua masizi ya tako la sufuria. Maelfu ya vijiko. Halafu nikaona jukwaa la Tufani, mashabiki wake mwenyewe, nao wanayatoa masufuria mifukoni. Nikafikiri habari ya asubuhi yao. Mtu aliamka, akanywa uji, akaitazama sufuria akasema, hii nisiioshe. Akaifunga katika gazeti ili isimchafue nguo. Labda mkewe alimuuliza, akamjibu, nao wakacheka pamoja. Chuki niliyoizoea ilikuwa ya ghafla, ya kutemwa njiani. Hii ilikuwa imepangwa kama safari ya familia.

"Uwanja umechangamka," nikasema hewani. "Mashabiki wanampokea winga mpya."

Maneno yalitoka laini, yamenyooka. Tindwa akampiga chenga beki, akapiga krosi, ikaokolewa. Kwaru. Akarudi nyuma kukaba. Kwaru. Alipokwenda pembeni kurusha mpira, mtu wa safu ya mbele akafungua mfuko wa karatasi, akammwagia majivu.

"Kuna vumbi kidogo upande ule," nikasema.

Hivyo ndivyo kilivyokwisha kipindi cha kwanza, bila bao.

Wakati wa mapumziko nilishuka kwa ngazi ya nyuma kwenda bombani. Nilimkuta Tindwa ameinama, anasafisha macho. Majivu yalikuwa yamegeuka tope shingoni mwake. Alipoinuka na kuniona, akashangaa, kisha akanisalimu kwa lugha ya kwetu, lugha ambayo sikuwa nimeisikia ndani ya kuta zile.

"Shikamoo, kaka. Na wewe uko humu?"

"Marahaba. Niko juu, nafanya kazi."

"Kufagia?"

"Nafanya kazi redioni," nikasema.

Uso wake ukafunguka. "Basi nifikishie salamu kwa huyo mtangazaji wenu. Kwenye chumba cha wachezaji kuna redio, nimemsikia akifunga kipindi. Anasema nashangiliwa." Akacheka kidogo, akakamua jezi. "Mama yangu anasikiliza huko Bonde. Wamekusanyika wote kwake, redio ni moja. Nilikuwa naogopa atasikia haya. Mwambie asante. Mwambie aendelee hivyo hivyo."

"Na wewe je?"

"Mimi nini?"

"Wewe unayesikia masufuria."

Akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtoto, ingawa nilimzidi umri. "Mimi nitayasikia hata akisema, hata asiposema. Lakini mama hana haja ya kuyasikia."

Akapanda kwenda kwa wenzake, nikabaki na maji yakinitiririkia mkononi. Nilikuwa nimeshuka nikitafuta mtu wa kuniambia sema. Nimempata mwenye haki kuliko wote, naye ameniambia nyamaza.

Niliporudi, Bi Shamsa alikuwa kibandani, amesimama nyuma ya kiti changu. Hakukaa.

"Lugendo, mwanangu," alisema. Pale redioni ni yeye na Hilali tu waliolijua jina langu. "Najua unachokiona."

"Na wewe unakiona?"

"Nina macho. Lakini sisi tunatangaza mpira. Anayekwangua sufuria si mpira, anayemwaga majivu si mpira. Tukianza kutangaza majukwaa, tutaishia wapi?"

"Tutaishia kwenye majukwaa, Bi Shamsa."

"Usinijibu kwa mafumbo. Nisikilize." Akashusha sauti, wala si kwa hila. Aliamini alilosema. "Ukilisema, watauliza ni nani anayesema. Watakutafuta. Nami sitaweza kukuweka. Utatoka, ataingia Mng'avu, na atasema shangwe, shangwe, mpaka uzee wake. Leo kuna mtu mmoja wa Bonde katika redio nzima. Kesho hatakuwepo hata huyo. Hapo utakuwa umemsaidia nani?"

Hoja yake ilikuwa nzima, haikuwa na ufa wa kuingiza hata ukucha. Hilali alikuwa anafuta kifundo kisicho na vumbi.

"Na wewe wasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi nazungusha vifundo tu, bwana," akasema Hilali. "Wenye kusema ni nyinyi."

Kipenga kikalia. Bi Shamsa akatoka, lakini hakwenda mbali. Nilimsikia amesimama nje ya mlango.

Kipindi cha pili nilitangaza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Niliutaja mpira, miguu, nyasi, nikaruka kila kitu kilichokuwa kati ya hivyo. Nakwambia ni kazi ngumu kuliko kusema. Kimya cha mtangazaji si kimya cha jiwe. Kimya changu kilikuwa na maneno, tena mazuri, na kila neno zuri lilikuwa blanketi nililomtupia mtu anayepigwa ili majirani wasimwone. Lakini nilimkumbuka mama yule na wenzake waliozunguka redio moja, nikasema, acha, kuna siku blanketi nalo ni huruma.

Halafu Tufani wakapata kona.

Tindwa akaenda kuipiga, upande wa jukwaa la Nanga. Akaweka mpira. Masufuria yakaanza, yakazidi, mpaka kioo cha kibanda kikatetemeka. Akarudi nyuma hatua chache. Ndipo majivu yakaja, si mfuko mmoja, mifuko, kutoka kila safu, mengi kiasi kwamba kibendera cha kona hakikuonekana. Yalipotulia, Tindwa alikuwa amerudi penye mpira, mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, mguu mmoja juu ya mpira. Hakupiga.

Refa akamwashiria apige. Hakupiga. Akalitazama jukwaa, safu kwa safu, kwa utulivu, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu. Refa akakimbia mpaka pale, akatia mkono mfukoni, akatoa kadi ya njano akaiinua juu ya kichwa kile kilichojaa majivu. Sababu: kupoteza muda.

Nikanyamaza. Kote uwanjani nikaona watu wanatikisa redio zao. Wanazigonga kiganjani. Mpira umesimama, kadi imetoka, na sauti haisemi kwa nini.

Nilikuwa wapi wakati ule? Nilikuwa kibandani. Nilikuwa pia konani, na majivu yalikuwa na ladha ya chumvi. Nilikuwa jukwaani, nimeshika kijiko, naye aliye jirani yangu anakwangua, na mimi je, nitaonekanaje nisipokwangua? Nilikuwa Bonde, katika chumba kilichojaa watu, nimeiinamia redio.

Mama yake.

Kazi yangu.

Hoja isiyo na ufa.

Na sentensi ilikuwa tayari imefika kinywani, imevaa vizuri, imenawa miguu: mchezaji anaonyeshwa kadi kwa kupoteza muda. Ilikuwa kweli. Refa ndivyo alivyosema. Yeyote angeisema. Nilipoisikia ulimini ndipo nikatambua kilichobadilika. Mpaka dakika ile nilikuwa namfunika kijana yule. Sentensi hii haikumfunika. Ilimshtaki. Mama yake angeisikia akajua mwanawe ni mzembe, aliyepewa nafasi ambayo hakuna mtu wa Bonde amewahi kupewa, akaichezea. Wote waliokusanyika chumbani mle wangemtazama mama yule kisha wakatazama pembeni. Njia ya kunyamaza ilikuwa imekwisha. Zilibaki mbili, kumsingizia au kusema, nami nilijikuta nimekaa wima kitini kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Ndugu msikilizaji," nikasema, "mpira umesimama. Nitakwambia kwa nini."

Hilali akageuka.

"Anayetakiwa kupiga kona ni Tindwa, winga wa Tufani. Hapigi kwa sababu amemwagiwa majivu. Yamemwagwa kutoka jukwaa la Nanga, kwa mifuko iliyoletwa kutoka nyumbani. Sauti unayoisikia nyuma yangu tangu mwanzo wa mechi si shangwe. Ni vijiko vinavyokwangua masufuria. Wanakwangua masizi, kwa sababu Tindwa ni mtu wa Bonde, na hilo ndilo jina wanalotuita."

Nikasikia neno lile likipita hewani. Wanalotuita. Sikulipanga. Lilitoka lenyewe, na baada ya kutoka nikajisikia mwepesi, mrefu, nimejaa kifua.

"Nakuelezea ninachokiona. Safu ya mbele, bwana mwenye koti la kahawia amesimama juu ya kiti, mfuko wa karatasi uko mkononi, bado una majivu. Pembeni yake mama mwenye mtandio wa samawati, sufuria yake ina mpini mmoja. Anamfundisha binti yake namna ya kushika kijiko. Upande wa Tufani, nyuma ya goli, kuna mabwana wawili wenye jezi ya kijani, jezi ileile aliyovaa Tindwa. Nao wanakwangua."

Hapo ndipo ilipotokea. Walikuwa na redio masikioni, wote. Nilimwona bwana mwenye koti la kahawia akijisikia anatajwa redioni. Aliutazama mkono wake kana kwamba ameukuta njiani. Akashuka kitini polepole, akauficha mfuko nyuma ya mgongo. Yule mama akateremsha sufuria magotini, akaifunika kwa mtandio. Nikaendelea, safu kwa safu, nguo kwa nguo, sikumtukana mtu wala kumtaja kwa jina, na popote sauti yangu ilipofika vijiko vilikufa. Havikufa vyote. Kuna waliokwangua kwa nguvu zaidi, wameng'ata meno, na hao nao nikawaeleza.

Mlango ukafunguliwa. "Kata," akasema Bi Shamsa. "Hilali, kata mitambo."

Mkono wa Hilali ulikuwa juu ya kifundo kile kikubwa cheusi. Akamtazama Bi Shamsa, akanitazama mimi.

"Kimekwama, Bi Shamsa," akasema.

"Hakijakwama."

"Basi njoo ukizungushe wewe."

Hakuja. Alibaki mlangoni, mkono umeshika mwimo. Nami nikajua nina pumzi chache, nikazitumia.

"Mama yake Tindwa, najua unasikiliza. Mwanao aliniomba nisikwambie, kwa kukuhurumia. Nisamehe, nimemkatalia. Lakini sikiliza yaliyobaki, kwa kuwa hayo ndiyo makubwa. Mwanao amesimama. Amefunikwa majivu na hajayafuta. Hajainama, hajakimbia, hajarusha jiwe. Uwanja mzima unamtazama, naye anautazama uwanja mzima, na kati yao hao wawili aliyeinamisha macho si yeye. Anayekwambia haya anaitwa Lugendo Masaule. Mimi ni mtu wa Bonde. Mmenisikiliza miaka yote."

Nikawaona wakiinua nyuso, jukwaa baada ya jukwaa, wakitafuta kiota changu. Kioo kilikuwa safi. Nikasimama ili wanione vizuri.

Refa hakuifuta kadi. Akapuliza kipenga, na katika kimya kilichochanganyika na vijiko vichache vikaidi Tindwa akarudi nyuma, akaja, akapiga kona. Mpira ukapaa juu ya goli, juu ya jukwaa, ukatoka nje ya uwanja kabisa. Nikautangaza hivyohivyo. Mechi ikaisha bila bao.

Bi Shamsa alingoja mpaka nimekunja visikizio.

"Usije kesho," akasema.

"Nilijua."

"Unajivuna?"

"Ndiyo, Bi Shamsa. Najivuna."

Akavaa miwani, akaivua. "Mchana kutwa nilikuwa nimeamua kusikia shangwe. Sasa nasikia masufuria, na nikifika nyumbani nitayasikia tu. Sikushukuru kwa hilo." Akaondoka, na hatua zake zilikuwa za mtu aliyezeeka ngazini.

Tindwa ndiye aliyefuata. Alipanda na majivu yake yote, hakunisalimu.

"Nilikuomba," akasema.

"Uliniomba."

"Lilikuwa jambo langu. Mama ni wangu, aibu ni yangu."

"Aibu si yako," nikasema. "Ndicho nilichokisema hewani."

"Ulisema kwa ajili yangu au kwa ajili yako?"

Ningeweza kumjibu vizuri, maana maneno ndiyo kazi yangu. "Vyote viwili," nikasema. "Sijui kuvitenganisha."

Hakunisamehe, wala sikutaka anisamehe kwa haraka. Alishuka peke yake.

Baada ya hapo nilikaa nyumbani. Siku zilikwenda, za refa, sikuzihesabu. Redioni aliingia mtangazaji mwingine, Mng'avu mwenye sauti ya asali, akasema shangwe, na hapo Bi Shamsa alikuwa amesema kweli. Lakini niliambiwa kwamba watu wengine walianza kuzishusha redio magotini na kutazama. Tindwa aliendelea kucheza. Masufuria yaliendelea kuja, pungufu, na waliokuja nayo sasa waliyaficha mpaka dakika ya mwisho. Sisemi Mji uligeuka. Nasema waliyaficha.

Asubuhi moja, kipindi cha kwanza hakijakolea, mwanamke alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa mtu wa Bonde, mrefu, mzigo kichwani, viatu mkononi.

"Wewe ndiye Lugendo?"

"Ndiye, mama. Karibu."

"Mimi ni mama yake Tindwa." Akatua mzigo, akaketi mkekani, akanyoosha miguu. "Mwanangu kaniambia uliniumiza."

"Ameniambia na mimi."

"Anajuaje kilichoniumiza, yeye? Nimemwambia, kilichoniumiza ni kwamba wewe na yeye mlikaa mkapanga nisikie nini." Alisema bila hasira, kama mtu anayetoa kijiti kidoleni. "Nusu ya kwanza ulinidanganya."

"Nilikwambia uwanja umechangamka."

"Basi nimekuja. Nitangazie upya. Tangu kipenga cha kwanza, na usiruke kitu."

Sikuwa na kipaza sauti wala kioo. Nikasimama katikati ya chumba, nikafunga macho, nikauona uwanja. Nikaanza. Nilimsimulia Tindwa alivyoingia na jezi ya kijani, nikamwambia masufuria yalivyoinuliwa, ya Nanga kwanza kisha ya Tufani. Hakulia. Nilipofika kwenye majivu ya kwanza akaniinulia kiganja.

"Alifumba macho?"

"Hakufumba. Yaliingia ndani."

"Endelea."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni, wa Bonde na Wang'avu pia, wale wa mtaa wangu waliozoea kuniamkia bila kuniangalia. Hawakuwa na redio. Nikafika konani, nikamsimamisha pale na mguu juu ya mpira, nikamtaja, Tindwa, winga wa Tufani.

"Ana jina," mama akanikatiza, akanitamkia jina zima kwa sauti ya chini. "Mwite kama aitwavyo kwao."

"Tindwa mwana wa Mkolela," nikasema, "wa nyumba ya Chilewa."

Akainuka. Kwetu mtu hakai chini jina la nyumba yake likiitwa mbele ya watu. Alisimama wima, mikono imelala ubavuni, kidevu juu kidogo kuliko inavyohitajika, na wale waliokuwa wamechuchumaa mlangoni, bila kuambiwa maana yake, wakaanza kuinuka mmoja mmoja.

"Lirudie," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."